Dawa Niliyomtumia Zita

Nina mdomo mimi, hilo halina ubishi. Muulize yeyote aliyefanya kazi wodini na mimi Kornelia, atakwambia yule mama akianza kusema hata matroni hutafuta mlango. Basi acheni niseme na hili, maana limeshasemwa sana na watu wasiolijua. Niseme jinsi mdomo huu ulivyofumba siku uliyotakiwa kufunguka, huku mdogo wangu akibabuka ngozi mbele ya macho yangu.

Zita na mimi ni tumbo moja. Mama yetu alikufa siku ya tisa baada ya kumzaa, kwa homa ya uzazi, na mimi nilikuwa na miaka kumi tu. Nikamlea kwa maziwa ya ng'ombe na kwa kilio, chake na changu. Kwa hiyo mtu asije akanieleza mimi habari za homa ya uzazi. Zita akakua, akaolewa Mwika na Basili, kijana mpole mwenye kihamba kizuri cha kahawa na migomba. Mama mkwe wake ndiye Lukresia, mwanamke wa maneno machache, wa kanisa kila asubuhi, ambaye akisema jambo atalifanya, hata mvua inyeshe mawe. Mimi nilikuwa mjini Moshi, aya wa wodi ya wanawake hospitalini. Nilifua, nilipiga deki, nilimshikia nesi trei.

Mwaka wa 1949, katikati ya masika, Zita akajifungua mtoto wa kiume, Primus. Siku ya sita nikamwona Basili mlangoni pa wodi, kofia mkononi, matope mpaka magotini. Alikuwa ameteremka na lori la ndizi.

"Shemeji," akaniambia, "Zita ana homa. Anatetemeka. Zahanati wametupa vidonge vya siku mbili, halafu wamesema dawa imekwisha, tungoje."

Tungoje! Mama yangu alingojewa. Sikumwomba nesi, sikumwomba daktari, maana nilijua nitaambiwa mgonjwa aletwe, na barabara ya Mwika wiki ile ilikuwa haipitiki ovyo. Nikaingia chumba cha dawa kana kwamba naenda kufuta vumbi, nikachukua chupa ya salfa, ile ya vidonge vyeupe ambavyo nilikuwa nimeona vikiwainua wazazi wenye homa kama ile. Nikaifunga kwenye kanga, nikampa Basili nyuma ya jiko la hospitali.

"Mkabidhi mama yako mkononi," nikamwambia. "Vinne kwa siku. Zita hapendi dawa chungu tangu mtoto, akikataa visagwe vitiwe kwenye mtori. Na asikose hata siku moja mpaka chupa iishe. Umesikia? Hata siku moja!"

"Nimesikia, shemeji."

Baada ya siku nne zikaja salamu kwamba homa imepoa, Zita anakula, mtoto ananyonya. Nililia kwa furaha pale kwenye ndoo zangu. Kuiba niliiba, lakini mdogo wangu yu hai, nikasema Mungu ataelewa, na nikaacha kuifikiria ile chupa.

Wiki ya nne zikaja salamu nyingine. Zita ana surua.

Surua? Ala! Zita aliugua surua tukiwa watoto, na ni mimi niliyemuuguza. Niliomba ruhusa, nikanyimwa, nikasema naenda hata hivyo. Nikapanda lori, na kutoka njia panda nikatembea, viatu mkononi.

Nyumbani kwa Basili walitaka kunizuia. Kwetu Uchaggani mwanamke aliyejifungua hukaa ndani miezi mitatu. Hachukui jembe, hachoti maji, hapokei wageni ovyo. Mama mkwe ndiye anayempikia, na ndiye anayemlisha kwa mkono wake: mtori, maziwa, supu yenye mafuta, ili siku akitoka watu waseme kweli huyu ametunzwa. Na mzazi haulizi ndani ya bakuli mna nini. Kuuliza ni kumtukana mama mkwe. Hayo yote nayajua na nayaheshimu, lakini siku ile nilimsukuma Basili kwa kiwiko nikaingia.

Yesu na Maria. Sikumtambua. Uso ulikuwa umevimba mpaka macho yamekuwa mistari miwili. Midomo imepasuka, ina magamba ya damu. Kifua na mikono vilikuwa na madoa mekundu yaliyoungana, na nilipoinua kope zake, weupe wa macho ulikuwa wa manjano. Shingoni palikuwa na matezi makubwa.

"Dada," akasema, sauti imekauka, "ngozi inaniwaka moto."

Nikamshika mkono, nikauachia haraka kwa jinsi ulivyokuwa wa moto. Mama Lukresia alikuwa amekaa pembeni, amempakata mtoto. Alikuwa anamnywesha Primus maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, maana ziwa la mama yake lilikuwa haligusiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuja. Mkojo wake umekuwa mweusi kama kahawa."

Nikamtuma Basili zahanati amwite dresa, yule mtoa dawa wao. Dresa wa pale alikuwa Rajabu Fikirini, Mwislamu, mtoto wa mjini Moshi, mtu mwembamba asiyependa mzaha. Wakati wa vita alihudumu katika hospitali ya jeshi huko Burma. Alipofika alivua viatu mlangoni, akaomba radhi kwa mama mwenye nyumba, akapiga magoti kando ya kitanda. Akatazama mdomoni, akatazama macho, akabonyeza ubavu wa kulia chini ya mbavu, na Zita akapiga kelele.

Rajabu akasema, "Hii si surua. Niliwahi kuiona kwa askari mmoja. Alipewa salfa, ikamponya ugonjwa wake, na baada ya wiki tatu ikamgeukia. Ngozi ikatoka, ini likavimba, figo zikagoma. Si kila mtu. Watu mia wanaimeza salama, huyu mmoja mwili wake unaikataa. Na akiendelea kupewa, anakufa."

"Yule askari alipona?" Basili akauliza.

"Hakupona. Tulichelewa kuacha, tulidhani ni homa imerudi, tukazidi kumpa." Akageuka kutazama chumba kizima. "Sasa nisikilizeni. Mimi nilimpa vidonge vya siku mbili tu, mwezi umepita. Kwa hivyo vichache, vya zamani namna hiyo, hawezi kuwa hivi leo. Kuna dawa nyingine yoyote aliyokula? Ya zahanati nyingine, ya duka, ya mtu? Semeni, sikamati mtu."

Basili akanitazama. Nami nikamtolea macho.

Jamani, nitasemaje ili mnielewe? Ile chupa ilikuwa na alama ya hospitali. Rajabu alikuwa mtumishi wa serikali kama mimi, na nilimwona kwa jinsi alivyokaa kuwa ni mtu wa kuandika ripoti. Nilijiona jela. Nilijiona narudi kijijini kwa aibu, aya mwizi. Na nikajiambia, chupa yenyewe iliachwa zamani, homa ilipopoa nani anaendelea kunywa dawa? Mjini watu huacha siku ya pili, mtu akishapata nafuu anasahau hata ilipo chupa. Basi kusema kutasaidia nini?

"Hakuna," nikasema mimi. Mimi, mwenye mdomo.

Rajabu akanikazia macho. Akasema, "Basi asipewe dawa yoyote. Maji mengi, uji mwepesi, ngozi ipakwe mafuta safi. Ikiwa sababu imeondoka, kesho au keshokutwa homa itaanza kushuka. Isiposhuka, kuna kitu sikijui."

Nilimfuata Basili nje, kwenye migomba. "Ile chupa ilikwisha?"

"Nilimkabidhi mama. Siku nyingi, shemeji. Itakuwa imekwisha." Akasita. "Mambo ya kulisha mzazi mimi siulizi."

Nilitaka kuamini, nikaamini.

Kesho yake homa haikushuka. Rajabu alikuja asubuhi kwa miguu, mwendo wa saa nzima kwenye utelezi, akapima, akatikisa kichwa, akaenda. Akarudi jioni. Akauliza tena, safari hii pole pole, akinitazama mimi tu. "Dada Kornelia, una hakika?" Nikamjibu kwa ukali kwamba mimi si mtoto. Ndiyo, nilimkaripia! Nilikuwa na hofu, na mimi nikiwa na hofu nakuwa mkali.

Zita alikuwa akizidi. Nilimwosha mimi, kwa maji ya vuguvugu na kitambaa laini, kwa sababu kuosha niliruhusiwa. Kulisha, hapana, huo ulikuwa mkono wa mama mkwe. Kila chakula mama Lukresia alileta bakuli, akamwinua kichwa kama anavyoinuliwa mtoto mchanga, akamnywesha kijiko kwa kijiko kupitia midomo ile iliyopasuka. Zita alimeza huku machozi yakimtoka, asikatae hata kijiko kimoja, kwa heshima. Nikamwonea mama yule huruma na nikampenda kwa uvumilivu wake.

Siku ya tatu asubuhi nilimgeuza Zita ili nimwoshe mgongo, na ngozi ikabaki kwenye shuka. Kipande kikubwa kama jani changa la mgomba. Chini yake nyama ilikuwa nyekundu, inatoa maji. Hakupiga kelele, alikuwa ameshachoka. Mimi ndiye niliyepiga kelele, nikakimbilia jikoni kutafuta mafuta.

Mama Lukresia alikuwa amechuchumaa karibu na jiwe la kusagia. Juu ya jiwe palikuwa na unga mweupe. Kando yake, kwenye kigoda, ilisimama chupa yangu.

Sikumbuki nilivyofika. Nilijikuta nimemshika mabega. Mwanamke mzee, mama mkwe wa ndugu yangu, nimemshika mabega namtikisa! "Unamwua! Mama, unamwua Zita! Umemsikia Rajabu, umemsikia kwa masikio yako, na bado unampa?"

Hakunisukuma. Alinitazama kwa mshangao kabisa, kama mtu aliyepigwa kofi kanisani.

"Si wewe uliyeagiza?" akasema. "Vinne kwa siku. Visagwe kwenye mtori. Asikose hata siku moja mpaka chupa iishe. Basili aliniambia maneno yako kama yalivyo. Sijamkosesha, mwanangu. Hata siku moja."

"Lakini Rajabu amekataza!"

"Rajabu amekataza dawa zake. Hii imetoka hospitali kubwa, imetoka kwa dada yake aliyemlea. Alipouliza kama kuna nyingine, ukajibu wewe mwenyewe kwamba hakuna. Nikasema, kumbe Kornelia hataki dresa aijue, ana sababu zake, mimi ni nani niseme?" Akanionyesha chupa. Chini vilibaki vidonge vichache. "Leo na kesho vingekwisha. Nilisema vikiisha atapona."

Nikakaa chini kwenye majivu. Mama huyu hakuwa amekosa kitu. Alikuwa ametii, kwa uaminifu ambao mimi sina, wala mtu mwingine wa mjini hana, neno nililolitoa nikiwa nimepagawa nyuma ya jiko la hospitali. Na siku zile mbili za mwisho alimlisha sumu kwa sababu ya neno moja tu, la "hakuna". Nililia mpaka yeye ndiye akaninyamazisha.

Ule mtori tuliumwaga. Nikaichukua chupa, nikakimbia mpaka zahanati, bila kanga kichwani, na nikaiweka mezani mbele ya Rajabu, alama ya hospitali imemwelekea.

Aliitazama muda mrefu. "Siku mbili, dada," akasema. "Mara tatu umeniona nikija na kurudi."

"Niandikie ripoti. Nifungwe. Lakini niambie tufanye nini."

"Hapa sina cha kufanya. Ateremshwe Moshi leo hii." Akaandika barua, mkono wake unakwenda haraka. "Nimeandika kwamba amekula salfa mwezi mzima na asipewe tena. Imetoka wapi, sikuandika. Hilo ni lako." Akanirudishia chupa.

Basili na majirani wakamchukua Zita kwa machela ya miti na blanketi mpaka njia ya lori, juu yake wamefunika majani ya migomba kuzuia mvua. Ndani ya lori nilimpakata kichwa. Tairi zilizama mara mbili, watu wakashuka kusukuma, na kila lori liliporuka jiwe Zita alitoa mlio mdogo kooni. Nilihesabu pumzi zake. Nilimwambia Mungu achukue chochote changu anachotaka, ila aniachie huyu.

Tulifika mchana, wodi yangu mwenyewe. Manesi wananijua, wakampokea haraka. Daktari alikuwa Mzungu mmoja aliyekuja kushika zamu kwa miezi michache. Si mtu mbaya, ila alikuwa na haraka, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga. Akasoma barua ya Rajabu amesimama, akasoma na cheti cha zahanati tulichokuja nacho.

"Huyu dresa anasema mwezi mzima," akamwambia matroni. "Cheti kinasema siku mbili. Zahanati ile haijapata salfa tangu Machi. Dawa ingetoka wapi? Dresa anabahatisha." Akamwinamia Zita. "Ngozi imeoza, homa kali. Ni vijidudu vimeingia. Mwanzishieni salfa, sasa hivi, dozi kubwa."

Nesi akageuka kwenda chumba cha dawa. Nilisikia funguo zake zikilia. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani, pale ninaposimamaga na ndoo yangu, mahali ambapo aya anasimama na haulizwi kitu. Basili alikuwa mlangoni. Alinitazama vilevile kama siku ile chumbani, na safari hii sikumtolea macho.

"Asipewe!" Nilipiga kelele hata wagonjwa wakainuka vitandani. "Bwana Daktari, asipewe! Barua ni kweli. Amekula salfa vinne kwa siku, mpaka jana. Mimi nilimtumia. Niliiiba humu ndani, kwenye kabati lile, chupa nzima. Hii hapa!"

Nikaitoa chupa kifuani. Matroni aliipokea, akaitazama alama, akanitazama mimi. Miaka sita nimemfanyia kazi mama yule. Daktari akaichukua mkononi mwake, akaitikisa, vile vidonge vichache vikalia. Uso ulimbadilika rangi. Akamwita nesi arudi, akachukua kalamu akakata yale aliyoandika, mistari miwili, kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika.

"Asipewe kitu," akasema. "Maji. Maji na mafuta, na mumweke peke yake." Halafu akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, "Ungenyamaza, jioni hii angekufa."

Aproni nilivuliwa siku hiyohiyo. Matroni alisema hatanipeleka polisi, kwa kuwa nimesema mwenyewe, lakini nisikanyage tena chumba cha dawa wala wodi kama mtumishi. Nikasema asante. Niligeuka ndugu wa mgonjwa, nikawa nangoja saa ya kuona wagonjwa pale nje kama watu wengine, chini ya jua.

Homa ilikaa siku tano, kisha ikashuka. Ngozi ikatoka yote, mikononi ikabanduka kama glovu, na chini yake ikaja mpya, nyororo, ya waridi. Macho yakaanza kuwa meupe. Mama Lukresia alihamia mjini na Primus kwa jamaa zake, akawa analeta uji mara tatu kwa siku, akimlisha kwa mkono wake kama nyumbani. Manesi walishindwa kumzuia. Siku za mwanzo Zita alikuwa hajui lolote. Alipopata nguvu ya kuuliza, Basili akamwambia yote.

Niliposikia ameshaambiwa, niliomba lifti ya lori nikapanda mpaka kwetu, nikakata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba cha baba. Isale kwetu si jani la mchezo. Ukimkosea mtu hata kosa la damu, ukamwendea nalo, hawezi kulikataa. Nikateremka nalo Moshi limefungwa kwenye kanga, nikaingia saa ya kuona wagonjwa, nikapiga magoti kando ya kitanda chake.

"Zita, mdogo wangu. Nimekosa."

Alinitazama, akalitazama na lile jani. Alikuwa amekonda, hana nyusi.

"Kwa dawa huna kosa," akasema. "Hata mimi ningeiba kwa ajili yako. Ila Rajabu alipouliza, dada, mimi nilikuwa macho. Nilikusikia ukisema hakuna. Nikajua hakuna dawa ya kuacha, nikajisemea basi Mungu ndiye ameamua, nikaanza kumuaga mwanangu. Siku mbili nilimuaga."

Akanyoosha mkono wake mpya, akalipokea isale, akaliweka kifuani, kama inavyopasa. Nilishukuru kwa sauti. Nikaona midomo yake imekauka, nikainuka upesi, nikamimina maji kwenye kikombe, nikamwinua kichwa nikampelekea mdomoni.

Zita alifumba mdomo. Hakunitazama. Akageuza macho kwa mama mkwe wake, na mama Lukresia, pole pole, akakichukua kikombe mkononi mwangu, akamnywesha yeye.